Krediti 180 na shahada ambayo bado haijakamilika

Ukaguzi wa shahada ni kazi ya kulinganisha orodha mbili. Ya kwanza ni orodha ya masharti: masomo ya lazima, masomo ya kuchagua, idadi ya krediti, mafunzo kazini, memwari (tasnifu ya mwisho wa masomo) na kiwango cha chini cha alama. Ya pili ni orodha ya yale ambayo mwanafunzi amekwisha kuyatimiza. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya karani wa ofisi ya masomo, kalamu mkononi, na mara nyingi ilifanywa siku za mwisho kabisa, pale jina la mwanafunzi lilipotakiwa kuingia katika orodha ya wahitimu. Mfumo wa mtandaoni hufanya ulinganisho uleule siku yoyote ya mwaka, na matokeo yake huonwa na mwanafunzi na ofisi kwa pamoja. Huko kuona kwa pamoja ndiko kwenye uzito kuliko yote mengine, na ndiko wanafunzi wa Bujumbura wana haki ya kukudai.

Mifumo hii ilizaliwa Marekani, na sababu yake inaeleweka. Tangu zama za Charles Eliot, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, vyuo vya nchi hiyo vimewapa wanafunzi uhuru mkubwa wa kujichagulia masomo. Shahada ya kwanza huko kwa kawaida hudai krediti zipatazo 120, lakini wanafunzi wawili wa fani moja wanaweza kuzifikia kwa njia zisizofanana hata kidogo. Uhuru huo una gharama yake: mtu anaweza kusoma miaka minne, akafaulu kila mtihani, kisha akaambiwa kwamba somo moja la lazima hakulichukua. Katika miaka ya 1980, Miami University iliyoko Ohio ilitengeneza programu iliyoitwa DARS ili kompyuta ifanye hesabu hiyo, nayo ikaenea katika vyuo vingine vingi. Programu nyingine, Degree Works, ni miongoni mwa zinazotumika sana leo. Zote huonyesha mambo matatu: yaliyokamilika, yanayoendelea, na yaliyobaki. Nyingi humruhusu mwanafunzi pia kujaribu fani nyingine kabla ya kuihamia, aone ni masomo yake yapi yatakayohesabiwa na yapi yatakayoachwa nje.

Burundi haikuwa na haja ya chombo cha namna hii kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza mwaka 1964 kwa jina la Université Officielle de Bujumbura, kilifuata utaratibu wa Kibelgiji wa kupanda mwaka kwa mwaka, candidature kwanza na licence baadaye. Darasa zima lilisoma masomo yaleyale. Juri la mitihani lilikaa, likajadili, likatangaza: huyu amepita, huyu anafanya tena mitihani katika awamu ya pili, huyu anarudia mwaka. Aliyepita miaka yote akatetea memwari yake alikuwa amemaliza. Utaratibu huo ulikuwa mkali, tena wakati mwingine wa kikatili kwa aliyeanguka katika somo moja na kulazimika kurudia mwaka mzima, lakini hesabu yake ilikuwa nyepesi kiasi kwamba kila mwanafunzi aliiweka kichwani.

Sheria namba 1/22 ya tarehe 30 Desemba 2011 ndiyo iliyobadili hesabu. Kwa sheria hiyo elimu ya juu ilipangwa upya kwa ngazi tatu, yaani Baccalauréat, Master na Doctorat, ambazo kila mwanafunzi huziita BMD. Baccalauréat ina krediti 180 katika mihula sita, Master ina 120 katika mihula minne, na muhula mmoja una krediti 30. Masomo hukusanywa katika vitengo vya ufundishaji, na kanuni ya msingi ni kwamba kitengo kilichofauliwa hakipotei: mwanafunzi hukihifadhi, hata akiwa ameanguka katika vingine. Hii ni haki kubwa kwake. Papo hapo inamaanisha kwamba anaweza kuwa mwaka wa tatu huku akidaiwa kitengo cha mwaka wa kwanza, na jirani yake wa dawati akidaiwa kingine kabisa. Neno la juri pekee, kwamba fulani amepita, halitoshi tena kumwambia amesimama wapi.

Hatari iliyo kubwa zaidi imejificha katika jumla. Krediti 180 kwenye releve, yaani karatasi ya alama, si sawa na krediti 180 za shahada. Mfano wa mwanafunzi aliyehama kitivo baada ya mwaka wa kwanza unaonyesha tofauti hiyo. Alikuja na krediti 60, kitivo kipya kikazitambua 38, na 22 zikabaki kwenye karatasi bila kuhesabiwa popote. Katika miaka miwili iliyofuata alifaulu vitengo vyote na kupata krediti nyingine 120. Akijumlisha mwenyewe atapata 180, ataanza kuwaarifu wazazi na kutafuta suti ya sherehe. Kwa upande wa shahada yake, hata hivyo, ana 158 tu. Bado anadaiwa 22, nazo huenda zimo katika vitengo vinavyofundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, hivyo atangoja hadi muhula huo urudi. Ukaguzi unaofanywa mwishoni humpa habari hiyo wakati ambapo hakuna la kufanya. Mfumo unaofunguliwa tangu siku anayohama ungemwonyesha zile 22 zikiwa zimetengwa, angali na mihula minne mbele yake.

Kompyuta, hata hivyo, haijui sheria ambayo haikuandikwa. Kabla ya kununua programu yoyote, chuo hudaiwa kazi ngumu zaidi, nayo haihitaji umeme: kuandika masharti ya kila programu ya masomo kwa ukamilifu usioacha shaka. Ni vitengo vipi vya lazima? Ni kipi lazima kitangulie kingine? Mwanafunzi akipata alama ndogo katika somo moja na kubwa katika somo jingine la kitengo hichohicho, je, alama kubwa inafidia ndogo, na kwa kiwango gani? Fidia hiyo inavuka kutoka kitengo hadi kitengo, au inaishia ndani? Mwaka haufanani na mwaka: programu ikibadilishwa, aliyeingia kabla ya badiliko anafuata masharti gani? Vyuo vyenye uzoefu hujibu kwamba mwanafunzi hufungwa na masharti ya mwaka aliojiandikisha, na kwamba kila somo lililofutwa huwekewa somo la kuchukua nafasi yake katika jedwali linalojulikana. Mahali ambapo majibu haya yamo katika kichwa cha mkuu wa idara, mfumo utayakosea, na kosa hilo litaonekana kwenye skrini kana kwamba ni ukweli. Hapa ndipo juhudi na fedha zinapofaa kuelekezwa kwanza. Programu nzuri juu ya kanuni zenye utata huharakisha makosa.

Baada ya kanuni, chakula cha pili cha mfumo ni alama, na alama huchelewa. Vyuo vikuu vya Kenya vimekuwa na malalamiko ya muda mrefu kuhusu alama zinazopotea: mwanafunzi alifanya mtihani, mhadhiri alisahihisha au hakusahihisha, na nafasi ya somo ikabaki tupu hadi mwaka wa kuhitimu. Kuweka mfumo mtandaoni hakuziokoi alama hizo, lakini kunaufanya utupu uonekane mapema, na penye utupu unaoonekana mtu anaweza kuulizwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mfumo wa ARIS ambamo wanafunzi husoma matokeo yao. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1992 na chenye wanafunzi waliotawanyika nchi nzima, kina SARIS. Kwa chuo cha namna hiyo kumbukumbu ya mtandaoni ni lazima, maana mwanafunzi aliye mbali hawezi kupiga safari ya Dar es Salaam kila anapotaka kujua alama yake.

Kuna somo jingine, chungu zaidi, kutoka Kampala. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Makerere kilitikiswa na kashfa ya alama zilizobadilishwa ndani ya mfumo wa kompyuta. Karatasi iliyofutwa huacha doa, lakini namba iliyobadilishwa katika kompyuta isiyotunza kumbukumbu haiachi alama yoyote. Kwa hiyo mfumo unaofaa lazima uandike ni nani aliyeingiza alama, ni nani aliyeibadili, saa ngapi na kwa idhini gani, na kumbukumbu hiyo isifutwe hata na fundi anayeuendesha. Bujumbura, ambako juri ndilo lenye neno la mwisho, ukurasa wa mwanafunzi utenganishe alama ya muda na alama iliyokwisha kupitishwa na juri. Mwanafunzi anayeona 14 leo na 11 baada ya kikao ataamini ameibiwa, hata kama ile ya kwanza ilikuwa kosa la uandishi tu, iwapo hakuonyeshwa tangu mwanzo kwamba alama hiyo haijathibitishwa.

Suala la kuhamisha krediti linakuwa zito kila mwaka. Ndani ya Bujumbura kwenyewe kuna vyuo binafsi kama Université Lumière de Bujumbura, Université Espoir d'Afrique na Université du Lac Tanganyika. Nje ya mipaka, Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya waliitangaza kanda hii kuwa eneo moja la elimu ya juu, kazi ambayo inasimamiwa na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala. Tangazo ni jambo moja na hesabu ni jambo jingine. Tanzania huhesabu krediti 120 kwa mwaka, kila krediti ikiwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Shahada ya miaka mitatu ina 360. Mfumo wa Ulaya, ambao BMD inafanana nao, una krediti 60 kwa mwaka, kila moja ikiwa saa 25 hadi 30. Somo la krediti 12 kutoka Dodoma ni sehemu ya kumi ya mwaka, kwa hiyo lingestahili krediti 6 Bujumbura. Lakini kwa saa ni 120, ambazo hazifiki hata krediti 5. Njia zote mbili zinaweza kutetewa. Kisichoweza kutetewa ni karani mmoja kutumia hii na mwenzake kutumia ile, kwa wanafunzi wawili waliotoka chuo kimoja. Mfumo unalazimisha njia moja ichaguliwe, iandikwe na itumike kwa wote.

Masharti mengine hayana krediti, au yana krediti lakini hayapimwi kwa mtihani. Mwanafunzi wa udaktari hupita katika wodi za hospitali ya chuo kikuu ya Kamenge. Wa fani nyingine hufanya mafunzo kazini na kuleta ripoti. Wengi huandika memwari inayohitaji msimamizi, siku ya utetezi na nakala iliyosahihishwa. Haya ndiyo huchelewesha watu, na mara nyingi husahauliwa na watengenezaji wa programu kwa sababu hayana namba rahisi. Ukurasa wa ukaguzi unapaswa kuyaonyesha hatua kwa hatua: mada imekubaliwa, msimamizi amepatikana, rasimu imepokelewa, siku imepangwa. Mwanafunzi aliyemaliza krediti zote akakwama miezi mingi kwa kungoja msimamizi anayo haki ya kuonekana kwenye takwimu za chuo kama mtu anayengoja, asihesabiwe mvivu.

Upande wa vifaa unahitaji busara ya mahali. Wanafunzi wengi wa kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi wangefungua ukurasa huo kwenye simu, kwa vifurushi vya Lumitel au Econet, na umeme wa REGIDESO una siku zake. Ukurasa uwe mwepesi, wa maandishi, usio na picha, unaoweza kuhifadhiwa na kusomwa bila mtandao, na kuchapishwa katika karatasi moja ambayo ofisi itaitia muhuri. Maelezo yake yaandikwe kwa maneno kamili pamoja na msimbo wa kitengo, kwa sababu msimbo peke yake hauna msaada kwa mwanafunzi mpya wala kwa mzazi anayemlipia ada.

Kwa mwanafunzi, matumizi sahihi yana nyakati zake. Mwanzoni mwa kila muhula, kabla ya kujiandikisha, ukurasa husomwa kuanzia vitengo vya lazima vilivyobaki, kisha vile vinavyotangulia vingine, kisha ndipo jumla ya krediti. Wengi huanza na jumla, na hapo ndipo wanapodanganyika. Baada ya kikao cha juri ukurasa husomwa tena na kulinganishwa na matokeo yaliyotangazwa. Palipo na tofauti, barua huandikwa kwa ofisi ya masomo ikitaja kitengo, muhula na alama, na nakala iliyopokelewa hutunzwa. Kabla ya kuhama kitivo au chuo, ukaguzi wa majaribio hufanywa kwanza, na orodha ya vitengo vilivyotambuliwa hutiwa saini na kitivo kinachompokea, kwa kuwa ahadi ya mdomo haiingii kwenye mfumo. Mwaka mmoja kabla ya kumaliza, ukaguzi kamili hufanywa mbele ya mtumishi wa ofisi, akiwa na faili la karatasi pembeni.

Matokeo ya skrini si shahada. Hutoa picha ya kumbukumbu zilizopo saa hiyo, na uamuzi wa kwamba mtu amestahili hubaki kwa juri na kwa saini ya mwenye mamlaka. Uamuzi huo ukishatolewa, kumbukumbu ya mhitimu hufungwa. Badiliko lolote la baadaye hudai kikao kipya cha juri na muhtasari wake ulioandikwa, na namba ya muhtasari huo huingizwa kando ya alama iliyobadilishwa.