Springi ya Valvu na Zana Inayoifaa

Ada ya safu hii ni kuzungumzia mambo ambayo familia inaweza kuyafanya kwa mikono yake katika nchi hizi za ugenini, ambako ujira wa fundi ni mzigo mzito kwa wengi wetu. Mwezi huu tumeona vyema tuandike juu ya springi za valvu za injini, au kamani kama walivyoziita wazee wetu, na zana inayofaa kuzibana wakati wa kuzibadilisha.

Tukio lililotusukuma kuandika ni la nyumbani kwetu wenyewe, wala hatuoni haya kulieleza. Mwaka 2003, hapa Uingereza, tulikuwa na gari kuukuu lililotoa moshi wa buluu kila asubuhi lilipowashwa. Ukaguzi wa kila mwaka, ule wa MOT, ulikuwa umekaribia, na gari linalotoa moshi mzito wa buluu halipiti. Tulifahamu kwamba mipira ya kuzuia oili kwenye shingo za valvu ilikuwa imechakaa, na kuifikia ni lazima kwanza springi zitolewe. Jirani yetu mmoja, fundi makanika, alitwambia, “Mwalimu, hii si kazi ya bisibisi. Ngojea Jumamosi nikuletee kibanio chake.” Hatukungojea. Tulichukua spana na bisibisi ndefu, tukamwita kijana wetu wa miaka kumi na miwili atushikie tochi.

Spana iliteleza. Kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa punje ya mahindi kiliruka kikampiga kijana chini ya jicho, upana wa kidole kimoja tu kutoka mboni. Wakati huohuo tukasikia mlio ndani ya injini: valvu ilikuwa imetumbukia katika silinda. Jicho lilisalimika, alhamdulillahi. Injini ikabidi ifunguliwe hedi nzima, na gharama ikawa maradufu ya ile tuliyoikimbia. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Siku ile nusura ivunje zaidi ya upishi.

Tueleze sasa kwa nini kitu kidogo namna ile kikawa na nguvu kiasi kile. Valvu ndiyo mlango wa silinda: mmoja huingiza hewa na mafuta, mwingine hutoa moshi. Springi ndiyo inayoufunga mlango huo. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufungwa mara 1,500 katika dakika hiyo, yaani mara 25 kwa kila sekunde. Kazi hiyo haiwezekani kwa springi legevu. Kwa mfano, katika injini za V8 za Chevrolet za ukoo ulioanza mwaka 1955, springi ya kawaida hukaza kwa nguvu ya karibu kilo 36 hata valvu ikiwa imefungwa, na hufikia karibu kilo 90 valvu ikiwa wazi. Basi anayeikandamiza springi kwa bisibisi ni kama aliyembeba mtoto wa miaka kumi na moja juu ya ncha ya chuma chembamba, akitaraji asiteleze.

Nguvu hiyo yote hushikiliwa na kisahani kilicho juu ya springi, na kisahani hushikiliwa na kabari mbili ndogo zilizokumbatia shingo ya valvu. Kuzitoa kabari ni lazima springi ikandamizwe kwanza. Hapo ndipo zana inapohitajika, na zana njema ina sifa tatu: hukaa sawasawa juu ya kisahani bila kuinama upande, huacha nafasi ya kuziona na kuzitoa kabari, na huiachia springi polepole kwa amri ya mkono, si kwa ghafla.

Kabla ya kununua au kuazima, jiulize kwanza: hedi imeshafunguliwa, au ingali juu ya injini? Ikiwa imefunguliwa na iko mezani, zana inayofaa ni kibanio chenye umbo la herufi C. Mguu wake mmoja hukaa juu ya uso wa valvu kwa upande wa chini wa hedi, na mguu wa pili juu ya kisahani. Hii ndiyo njia iliyo salama kuliko zote, kwa kuwa zana yenyewe huishikilia valvu isianguke. Hedi ikiwa bado juu ya injini, kibanio hiki hakifai kitu, maana hakuna njia ya kuufikia uso wa valvu.

Hedi ikiwa haijatolewa, tazama springi zimekaaje. Zikiwa wazi, kama zilivyo katika injini nyingi zenye roka, hutumika wenzo wenye egemeo lililofungwa imara juu ya hedi, au kibanio cha parafujo chenye kucha mbili zinazoishika springi yenyewe. Lakini katika injini nyingi zenye kemshafti juu, springi zimezama ndani ya matundu ambamo hupita tapeti zenye umbo la kikombe. Humo kucha haziingii. Panahitajika zana yenye daraja linalofungwa juu ya hedi na kikombe chembamba chenye dirisha pembeni, kinachoingia bila kukwaruza kuta za tundu. Ukuta ukikwaruzika, tapeti huweza kukwama. Pima upana wa kisahani kabla ya kwenda dukani, ili kikombe cha zana kilingane nacho. Na ukifika dukani taja wazi kwamba unataka kibanio cha springi za valvu. Kile cha springi za magurudumu ni kitu kingine kabisa.

Swali la mwisho ndilo tulilolisahau sisi: ni nini kitakachoishikilia valvu springi ikishatoka? Pana njia mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni kuipandisha pistoni hadi kilele cha juu, valvu zote mbili za silinda hiyo zikiwa zimefungwa, kisha kuingiza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi kwa bomba lenye nati inayolingana na tundu hilo. Upepo huisukuma valvu ikabaki mahali pake. Lakini tahadhari: pistoni isipokuwa kileleni barabara, upepo huweza kuizungusha injini kwa ghafla. Usiache spana kwenye boliti ya krankshafti, wala usiweke mkono karibu na feni au mikanda.

Njia ya pili haitaki kompresa. Pistoni ikiwa inapanda katika mpigo wa kugandamiza, kabla ya kufika kileleni, ingiza kamba safi ya nailoni kupitia tundu la plagi, huku ncha yake ikibaki nje. Kisha izungushe injini polepole kwa mkono mpaka kamba ijikunje na kuziegemeza valvu kwa chini. Kazi ikiisha, irudishe injini nyuma kidogo na uivute kamba yote.

Yaliyobaki ni adabu za kazi. Vaa miwani ya kinga, na kila aliyesimama karibu avae yake. Ziba kwa vitambaa matundu yote yanayoteremsha oili, kabari zisije zikapotelea humo. Kabari zikiwa zimekwama, gonga kisahani kidogo kwa nyundo laini kabla ya kufunga kibanio, usigonge springi ikiwa imekandamizwa. Zitoe kabari kwa kijiti cha sumaku, si kwa vidole. Fanya valvu moja, uimalize, ndipo uende ya pili. Na kabla ya yote kikague kibanio chenyewe: kucha iliyopinda au parafujo iliyolika hairekebishwi kwa kuikaza zaidi; hutupwa.

Kijana wetu leo ni mtu mzima mwenye watoto, na alama ndogo chini ya jicho lake ingalipo. Hajapata kutulaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalotuuma zaidi. Jirani alikuwa ameahidi Jumamosi, nasi tuliharakisha siku ya Alhamisi. Siku mbili tu za subira zingetosha.

Kwa hiyo, wasomaji wetu, asiye na zana na aazime, na asiyeweza kuazima na ampelekee fundi. Na wale wenye vibanio majumbani mwao, wawajulishe majirani kwamba wanavyo. Tukutane mwezi ujao, Mwenyezi Mungu akipenda.