Mhusika Wako Anaficha Nini?

Mwezi huu tuongee kuhusu hadithi mnazotuletea hapa ofisini. Nazisoma, tena nyingi mpaka mwisho, na karibu kila mara nakutana na dada yule yule. Mrembo kupindukia, mpole, hajawahi kumjibu mtu vibaya. Anatokea mwanaume anamuumiza, dada analia kurasa nne, mwisho anaolewa na tajiri. Jamani! Huyo ningempangisha chumba bila hata kumuuliza kodi ya miezi sita, lakini kwenye hadithi simuamini.

Najua anatoka wapi. Wengi wenu mnaandika yaliyowakuta. Umeumizwa, unashika kalamu, na kalamu inageuka hakimu: yeye shetani, wewe malaika. Maumivu yako ni ya kweli, sibishi. Ila mhusika asiye na kosa hana la kufanya kwenye stori zaidi ya kulia.

Mchukue Rosa, yule wa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Anakulia Ukerewe kwa baba mlevi, Zakaria, anayemchunga kwa kipigo mpaka binti anaogopa hata kusimama na mvulana. Akija kupata uhuru, hajui autumie vipi, anapotea vibaya. Unatamani umfokee, na bado unamuelewa, kwa sababu umemuona akitengenezwa hatua kwa hatua. Shaaban Robert yeye kwenye Adili na Nduguze alimpa shujaa jina la Adili, na sifa zake unazijua kabla hujafungua kitabu. Ile ni hadithi ya mafunzo, inaruhusiwa. Stori ya mapenzi ya Sinza haibebwi na jina.

Haya, tumtengeneze wetu. Tumwite Neema, miaka 27, muuzaji wa duka la dawa Manzese. Rangi na umbo achana navyo kwanza. Anataka nini? Kuolewa kabla ya mdogo wake. Anaogopa nini? Kuonekana kaachwa. Sasa mpe jambo ambalo hawezi kumwambia mama yake: yeye ndiye mtunza hazina wa kikoba, na pesa za wenzake kampa jamaa afungue biashara. Jamaa akiingia mitini, Neema atalia kama yule dada wa mwanzo, lakini safari hii nitalia naye, maana kuna wanawake kumi na tano wanaomsubiri Jumamosi na daftari mkononi.

Msikilize na anavyoongea. Kwa mama ni "abee". Kwa konda aliyemzidishia nauli ni mbogo. Kwa jamaa sauti inakuwa ya mtoto, na mwenyewe anaisikia na kuichukia. Zikisikika sauti hizo tatu, huna haja ya kuniandikia kwamba Neema ni mtu mgumu kueleweka.

Na jamaa je? Naye mpe sababu. Labda ana deni linalomnyima usingizi, labda ile biashara aliiamini kwa moyo wote mpaka siku mzigo ulipokwama bandarini. Najua, najua, wa kwako hastahili huruma hiyo. Lakini huyu siyo wa kwako tena, ni wa Neema.