Fanfari ya watoto wetu: tushike nini, tuache nini?



Kila mwaka, wakati tarehe 30 ya mwezi wa sita inapokaribia, maneno ni yale yale katika vikundi vyetu. Watoto wanatoka kwenye mazoezi ya difile na barua mkononi: wazazi wanaombwa mchango wa fanfari. Na hapo ubishi unaanza. Mama wenye umri wanasema fanfari ya leo haina heshima, watoto wanapiga ngoma kama katika baa. Mama vijana wanasema nyimbo za zamani zinawachosha watoto, na mtoto aliyechoka anarudi kwa simu. Wote wanapenda fanfari, wote wanatoa franka, na kila mwaka tunaachana bila kusikilizana.

Juma hili tungependa tuongee juu ya jambo hilo kwa utulivu. Sisi tunaofundisha tunaona watoto hawa kila siku, na tunaona kwamba swali la "zamani au mpya" linatuficha swali lililo kubwa zaidi.

Kwanza, tukumbuke kwamba hata zamani ilikuwa mpya siku moja. Mwisho wa miaka ya 1800, kule pwani, Lamu na Mombasa, vijana waliona bendi za wamisioni na za maaskari zikipita na tarumbeta na ngoma kubwa. Walizitamani, wakaanzisha ngoma yao wakaiita beni, kutokana na lile neno bendi. Walivaa kama maofisa, walitembea kwa hatua moja, walipeana vyeo. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi. Tanganyika kulikuwa na Marini na Arinoti. Vita vya 1914 hadi 1918 viliitawanya ngoma hiyo, maana maaskari na wapagazi waliibeba kila walikopita. Ikafika hata kwetu Kongo, kwenye machimbo ya Katanga, na huko watu waliiita mbeni. Wazee wengi wa wakati ule waliiona ni upuuzi wa vijana. Leo ni sisi tunaoita mambo kama hayo "ya zamani" na kuyatetea.

Tena tusidhani kwamba kupiga kwa pamoja tulifundishwa na Wazungu. Kaka na dada zetu Waalur, upande wa Mahagi, wana agwara: baragumu ndefu zinazopulizwa kwa ubavu, pamoja na ngoma. Kila mpigaji ana sauti yake, na anaipuliza kwa zamu yake. Akichelewa, wimbo unatoboka. Hakuna mtu mmoja anayeubeba wimbo peke yake. Mwalimu akitaka kumweleza mtoto wa Bunia fanfari ni nini, hana haja ya kwenda mbali.

Lakini si kila kitu cha zamani kinastahili kulindwa. Mama zetu waliokuwa wasichana katika miaka ya 1970 wanakumbuka animasio ya wakati wa Mobutu. Wanafunzi na wafanyakazi walisimamishwa juani kuimba na kucheza ngoma kwa kumsifu kiongozi na chama. Ngoma zilikuwa nzuri, hatua zilikuwa safi, na wengine mpaka leo wakisikia nyimbo zile miguu inatikisika yenyewe. Lakini nani alikuwa na ruhusa ya kukataa? Tunapotamani zamani, tutamani ile hatua safi, tusitamani ile amri.

Sasa tuangalie mbali kidogo, kwa watu waliobishana jambo hili hili kwa miaka mingi. Huko Marekani kuna makundi ya vijana ya ngoma na tarumbeta yanayoshindana kila mwaka wakati wa joto. Mengi yalizaliwa na vyama vya maaskari wa zamani, na mengine na parokia. Shindano lao kubwa la nchi nzima la siku hizi lilianza 1972, katika mji wa Whitewater. Kwa miaka mingi tarumbeta zao zilikuwa za aina moja tu. Mwaka wa 2000 waliruhusu tarumbeta za aina nyingine. Mwaka wa 2004 waliruhusu vipaza sauti, na 2009 vinanda vya umeme. Kila mara wapenzi wa zamani walilia kwamba ngoma imekufa, na kila mara vijana wapya walikuja kuipiga.

Haikufa kwa sababu ya nyimbo mpya. Lakini makundi madogo ya mitaa na ya parokia, ambayo zamani yalikuwa mamia, yamebaki machache sana. Na moja ya sababu ni bei. Leo kijana anayetaka kuingia katika kundi kubwa analipa maelfu ya dola kwa kipindi kimoja: safari, vyombo, mavazi. Onyesho limekuwa la ajabu, na mtoto wa jirani maskini amebaki nje ya uzio akiangalia.

Mama wa Mombasa waliliona jambo la namna hiyo kabla yetu. Walikuwa na ngoma yao, lelemama, na vikundi vyenye sifa kama Banu Saada na Ibinal Watan. Vilishindana kwa nyimbo, kwa sare na kwa karamu. Kikundi kimoja kikivaa vizuri, kingine lazima kivae vizuri zaidi. Franka zikaenda katika nguo na chakula cha kuwashinda wengine. Lakini katika vikundi vile vile wanawake walijifunza pia kukusanya mchango, kuchagua viongozi na kusimama mbele za watu. Jirani yao Dar es Salaam, mwaka wa 1955, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma, alipotafuta wanawake wa kuingia katika chama cha TANU, alipitia vikundi vya ngoma. Wanawake walikuwa wamekwisha kujipanga. Walihitaji kuitwa tu.

Tunaona basi kwamba ngoma inaweza kula mfuko wetu, na inaweza kutujenga. Tofauti haiko katika wimbo wa mwaka gani unapigwa. Iko katika nani anaingia, na mchango wetu unanunua nini.

Tuanze na nani anaingia. Hapa kwetu mara nyingi wavulana wanapewa ngoma na tarumbeta, na wasichana wanapewa fimbo ya majoreti na sketi fupi. Tukiuliza, tunajibiwa kwamba ni desturi. Jirani zetu wa Burundi wana ngoma za kifalme zilizoandikwa na UNESCO mwaka wa 2014 kama urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwaka wa 2017 amri ya rais ilikataza wanawake kuzipiga. Rwanda pia zamani mwanamke hakugusa ngoma. Lakini mwaka wa 2004, kule Butare, Odile Gakire Katese alianzisha kikundi cha wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya, maana yake ngoma mpya. Humo mliingia wajane na yatima wa mauaji ya 1994, na pia wake wa wale walioua. Walisimama pamoja mbele ya ngoma, wakatafuta mpigo mmoja. Ngoma walizopiga ni zile zile za wazee. Kipya kilikuwa mikono.

Mama wa Ituri, sisi tunaelewa jambo hili kuliko wengi. Tangu vita vya 1999 tumezika watu wa kila kabila. Mpaka leo watoto wetu wengi wanalala katika kambi za wakimbizi wa ndani, na wengine wanasoma nusu siku katika madarasa ya kuazima. Fanfari ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mtoto wa Kihema, wa Kilendu, wa Kialur, wa Kibira na wa Kinande wanalazimika kusikilizana, kwa sababu asiyesikiliza mwenzake anaharibu wimbo wa wote. Hilo hatuwezi kulifundisha ubaoni.

Kwa hiyo barua ya mchango ikija, kwanza tusiulize inifomu ni ya rangi gani. Tuulize ni watoto wangapi watabaki nje kwa sababu mama zao hawakuweza kuinunua. Inifomu mpya kila mwaka inapendeza kwa saa mbili za difile. Ngozi mpya ya ngoma inafanya kazi mwaka mzima. Shati jeupe la shule, kanga au kitambaa cha kitenge kimoja kilichokatwa vipande na kufungwa shingoni, vinatosha kabisa. Kitambaa hicho mama wa likelemba wanaweza kukinunua kwa pamoja na kukishona wenyewe.

Sasa turudi kwa nyimbo, maana ubishi ulianzia hapo. Katika mazoezi tumeona mpango huu unafaa, na kila kikundi kinaweza kuupima.

Wimbo wa kwanza uwe wa zamani, ule ambao bibi aliyekaa mlangoni ataujua mara moja. Upigwe polepole na kwa usafi. Unawaambia wazee kwamba hawakusahauliwa, na unawapa watoto nafasi ya kutulia.

Wimbo wa pili uwe wa leo, na watoto wauchague wao. Lakini usichukuliwe wote. Chukueni kiitikio tu, mkipange kwa hatua mbili, kushoto na kulia. Wimbo usiokubali kutembea haufai kwa difile, hata kama unapendwa vipi. Na kabla ya kuukubali, mama wawili na mwalimu mmoja wasikilize maneno yake yote, hata kama tarumbeta haisemi maneno. Watu barabarani wanayajua. Wimbo unaomtukana mwanamke, au unaochokoza kabila lingine, ukatwe bila kubishana.

Wimbo wa tatu uwe wa mpigo wa nyumbani: mpigo wa Kialur, wa Kihema, wa Kilendu, wa Kibira, kwa zamu, ili mwaka usipite kabila moja tu likisikika. Muombeni mzee anayeujua aje kuwafundisha watoto mara mbili au tatu. Atafurahi kuliko mnavyodhani. Na wazee wetu wanapungua.

Mwisho, rudieni ule wa kwanza, lakini sasa kwa mwendo wa haraka na kwa madoido ya watoto. Hapo mama mwenye umri na kijana watapiga makofi kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa sababu yake.

Kuhusu mazoezi, msisubiri vyombo. Juma la kwanza watoto wapige makofi tu. Juma la pili watembee huku wakihesabu kwa sauti. Ngoma ije baadaye. Mtoto asiyejua kutembea pamoja na wengine, ukimpa ngoma atakimbia nayo. Na kila mtoto ashike kila chombo angalau siku moja, wasichana na wavulana, ndipo tuchague nani anapiga nini. Mtashangaa ni nani ana mkono mzuri kwenye ngoma kubwa.

Mtunze vyombo pia. Ngoma ya ngozi isiachwe nje kwenye umande wala karibu na jiko. Baada ya mvua ikauke kivulini, isiwekwe juani. Fimbo za kupigia zichongwe hapa hapa kwa mti mgumu; hakuna haja ya kuagiza Kampala.

Kuna jambo lingine ambalo mama wa Bunia hatuwezi kulisahau. Mjulisheni mkubwa wa kartie siku na saa za mazoezi, ili sauti ya ngoma na ya watoto wengi isitie watu hofu. Mazoezi yamalizike mapema, jua likiwa bado juu, na watoto watembee kwa vikundi mpaka nyumbani. Mama wawili wawepo kila mara, kwa zamu. Siku ambayo habari si nzuri, mazoezi yasimame. Wimbo unaweza kungoja.

Mama wenye umri, tunawaomba: mkisikia wimbo wa leo katika fanfari, angalieni kwanza miguu ya watoto. Kama hatua ni moja na macho yao yanaangaliana, basi kile mlichokipenda zamani bado kipo. Mama vijana, tunawaomba pia: msiruhusu watoto wauache wimbo wa bibi kwa sababu tu hauko kwenye simu. Siku moja watautafuta na hawatapata wa kuwaimbia.

Katika mkutano ujao, kila kikundi kije na majibu matatu. Katika fanfari iliyo karibu nanyi, wasichana wangapi wanapiga ngoma? Watoto wangapi wameachwa kwa sababu ya inifomu? Na ni mzee gani wa mtaa wenu anayejua mpigo ambao watoto hawajausikia? Tukiwa na majibu hayo mkononi, ndipo tuamue mchango wa mwaka huu uende wapi.

Tunawatakia juma la amani.