Safari ya koko iimbwe, ichorwe

Juma hili tuzungumze juu ya koko na safari yake.

Hapa kwetu ni nyumba chache zisizo na habari ya kuvuka maji. Vita vilipotufikia mwishoni mwa mwaka 1996, watu wengi sana waliingia mitumbwi na boti wakakimbilia Kigoma. Wengine walipelekwa Nyarugusu, wengine Lugufu, na huko wakakaa miaka. Mwaka 2005 HCR ilianza kurudisha watu kwa meli mpaka hapa Baraka, na mwaka 2009 kambi ya Lugufu ikafungwa. Wengine wetu walibaki Nyarugusu, wengine wakaendelea mpaka Marekani.

Wazee walioyaona hayo wanatutoka mmoja mmoja. Mtoto akisimuliwa mara moja, kesho amesahau. Lakini alichoimba kwa kinywa chake na kuchora kwa mkono wake, hicho anakaa nacho.

Kwanza, tumwombe koko ruhusa. Kuna waliopoteza watu njiani, na hatuna haki ya kuwafungua kidonda. Akinyamaza, mtoto naye ajifunze kunyamaza. Tumtayarishie mtoto maswali madogo: Mlibeba nini? Siku ya kwanza mlipika nini? Usiku mliimba nini?

Pili, wimbo. Tuseme koko ametaja sufuria na taa za wavuvi. Hayo yanatosha kwa wimbo wa kuitikiana:

Koko, ulibeba nini?
— Sufuria moja na watoto watano.
Koko, uliona nini majini?
— Taa za wavuvi, mbali, mbali.

Bidoni tupu ni ngoma tosha. Kama koko amesema neno kwa Kibembe, libaki hivyo hivyo, mtoto aulize maana yake. Na kama ametumia Kiswahili alichokiokota kambini, tusimcheke wala tusimsahihishe. Hicho nacho ni sehemu ya safari yake.

Tatu, picha. Makala ya jikoni na kipande cha kartoni vinatosha. Mtoto achore ghuba yetu, Ubwari mbele yake, kisha ziwa, kisha Kigoma, na apitishe mstari wa njia ya koko. Wadogo wafinyange mtumbwi kwa udongo. Vikundi vyetu vya kushona vinaweza kukusanya vipande vya kitenge vilivyobaki: kila nyumba ishone kipande kimoja cha safari yake, halafu tuviunganishe viwe kitambaa kimoja cha wote.

Hapa tuwe macho, wamama. Wimbo usitaje kabila kwa matusi. Katika Fizi watu wa kila kabila wamekimbia, na wa kila kabila wamezika. Koko akisema kwa uchungu juu ya watu fulani, tusimkemee mbele ya mjukuu. Maumivu ni yake. Lakini baadaye tukae na mtoto, tumweleze kwamba waliofanya mabaya ni wale waliofanya, si watoto wa jirani anaosoma nao. Tukimwacha mtoto aimbe chuki, tutakuwa tumemrithisha vita.

Wimbo ukiwa tayari, koko awe wa kwanza kuusikia, labda Siku ya Mungu baada ya ibada. Tumpe nafasi ya kusahihisha. Akisema, "Hapana, hatukuwa watano, tulikuwa saba," wimbo ubadilishwe palepale. Akikubali, turekodi kwa telefone na kuwatumia ndugu walio mbali. Huenda nao wakaongeza ubeti wa upande wao.