Si Kila Anayepepesuka Ni Mlevi

Pale Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mtu akipepesuka mchana kweupe huhukumiwa papo hapo: amelewa. Wengine husema amerogwa. Sisi tunasema: apimwe kwanza.

Upande wa kisogoni, chini ya ubongo mkubwa, upo ubongo mdogo. Uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi ya ubongo wote, lakini zaidi ya nusu ya chembe za neva zimo humo. Kazi yake ni kulinganisha nguvu za misuli: mguu utue wapi, mkono ukomee wapi. Mpagazi apitaye na gunia kichwani katikati ya umati huutegemea kwa kila hatua. Ukiumia, mwendo huyumba, maneno hukokotwa, na mkono hutetemeka unapokaribia kushika kitu. Katika ugonjwa wa Parkinson, kinyume chake, mkono hutetemeka zaidi ukiwa umetulia.

Pombe huvuruga ubongo mdogo, ndiyo maana mlevi na mgonjwa hufanana. Lakini kiharusi nacho huushambulia, tena ghafla, pamoja na kizunguzungu na kutapika. Utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006 ulionyesha kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, Dar es Salaam ilipata wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Wilayani Hai, Kilimanjaro, walikuwa 109. Kwa hali hiyo, kumcheka anayeyumba ni hatari.

Je, picha itamaliza shaka? Mashine ya CT, iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, huonyesha haraka damu iliyovuja. Lakini mifupa minene ya kisogoni huitia picha ukungu, na kiharusi cha mshipa kuziba, kikiwa bado kichanga, kinaweza kisionekane. MRI huona vizuri zaidi, ila ni ghali. Basi picha safi ya CT isiwe sababu ya kumrudisha nyumbani mtu asiyeweza kusimama. Daktari amtazame macho, amwambie aguse pua yake kisha kidole cha daktari, na amwone akitembea. Vipimo hivyo havihitaji mashine.

Nasi tupime presha mapema. Na anayepepesuka ghafla akimbizwe hospitali, asilazwe barazani eti pombe zimtoke. Ubongo mdogo ukivimba, usingizi huo waweza kuwa wa mwisho.