Binti Ameposwa na Mkimbangu

Mwezi huu nimeletewa swali lisilotibika kwa panadoli. Mama mmoja wa umoja wetu, binti yake ameposwa na kijana wa Kongo, Mkimbangu. Baba mtu amekataa hata kuifungua barua ya posa, na majirani wamekwisha kusema kwamba Wakimbangu ni waganga wa kienyeji waliojivika Ukristo. “Dada, hawa ni wenzetu kweli?” akaniuliza.

Simon Kimbangu alizaliwa mwaka 1887 huko Nkamba, Kongo ya Chini, akawa mwalimu wa dini katika misheni ya Kibaptisti. Husimuliwa kwamba tarehe 6 Aprili 1921 alimwombea mama mgonjwa kwa jina la Yesu, naye akapona. Watu walifurika Nkamba hata mashamba ya Wazungu yakakosa vibarua. Aliwahubiria nini? Tupeni hirizi, acheni ngoma, mume awe na mke mmoja. Sasa hapo uganga uko wapi?

Wabelgiji waliingiwa na hofu. Alihubiri kwa muda usiofika miezi sita, akakamatwa, na mwezi wa Oktoba mahakama ya kijeshi ikamhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert aliibadili hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Akakaa gerezani Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka thelathini!

Mimi lakini namtazama zaidi mkewe, Marie Muilu. Aliachwa na watoto watatu wa kiume, kitinda mimba akiwa na miaka mitatu. Mume yu hai, ila yuko mbali zaidi ya kilomita 1,000. Waumini wanahamishwa kwa nguvu, familia kwa familia, na kusali pamoja ni kosa. Mama huyo, serikali ikimchungulia, aliwashika waumini kwa siri miaka yote hiyo. Alifariki Aprili 1959. Kanisa lilipata kibali cha serikali tarehe 24 Desemba mwaka huohuo, na yule mtoto wa miaka mitatu, Joseph Diangienda, ndiye aliyeliongoza hadi mwaka 1992.

Mafundisho yao huyafupisha kwa maneno matatu: upendo, amri, matendo. Hawanywi pombe, hawavuti sigara, hawali nguruwe wala nyani. (Kwa pombe tu, akina mama wangapi hapa wangempokea mkwe huyo kwa vigelegele?) Meza ya Bwana ya kwanza waliifanya mwaka 1971, kwa mkate wa viazi, mahindi na ndizi, pamoja na asali iliyochanganywa na maji. Kwa sadaka za mashindano, vikundi vikichuana kutoa, wamejenga shule na zahanati.

Lakini nisiwafiche. Siku hizi kanisa hilo hufundisha kwamba Kimbangu ni Roho Mtakatifu aliyekuja katika mwili, na Krismasi yao ni tarehe 25 Mei, siku aliyozaliwa mwanawe Dialungana. Hapo mimi siwezi kuwafuata, wala sidhani mchungaji wako ataweza. Hili si jambo dogo kama la viatu, ambavyo wao huvivua wanapoingia ibadani.

Kuna na maji ya Nkamba, ambayo waumini huyanywa wakitafuta baraka na uponyaji. Hapa nasema kama muuguzi. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti, aendelee kunyonya, na akilegea au macho yakidumbukia akimbizwe hospitali. Sala iende naye njiani.

Kwa hiyo, mama, mwambie mzee aifungue barua. Kusoma si kukubali. Kisha mwiteni kijana, mkae naye bila shangazi wote wa ukoo, mumwulize: Kimbangu kwako ni nani? Binti yetu atasali wapi, na watoto watabatizwa wapi? Akiugua mtoto usiku, utamkimbiza wapi kwanza? Binti awepo, asikie majibu kwa masikio yake, maana ndiye atakayeishi nayo.