Tamko Kuhusu Kukatwa Likizo ya Mwaka kwa Wanaougua kwa Manyanyaso ya Kazini

Sisi, wanachama wa chama cha wafanyakazi wa sekta binafsi jijini Dar es Salaam, tunatoa tamko hili kwa waajiri, kwa Serikali na kwa wafanyakazi wenzetu. Tunapinga tabia inayoota mizizi maofisini: mtu ameugua msongo wa mawazo kwa kunyanyaswa kazini, anaomba kupumzika, anaambiwa zikatwe siku zake za likizo ya mwaka.

Malalamiko yanayotufikia yanafanana. Mwenzetu mmoja, karani wa hesabu, alikuwa akifokewa na mkuu wake mbele ya wateja. Aliachwa nje ya vikao vilivyohusu kazi yake, kisha akapewa barua ya kujieleza kwa kutotekeleza yaliyoamuliwa humo. Usingizi ukampotea, na moyo ukawa unamwenda mbio kila akikaribia geti la ofisi. Daktari alimwandikia ED, yaani cheti cha kupumzika kazi kwa ugonjwa, ya wiki mbili. Ofisa rasilimali watu aliisoma karatasi ile, akamrudishia pamoja na fomu ya likizo ya mwaka iliyokwisha kujazwa tarehe. Akaambiwa mawazo si ugonjwa, kila mtu ana mawazo. Alisaini, maana hakuwa na nguvu ya kubishana.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haikuliacha jambo hili hewani. Kifungu cha 31 kinatoa likizo ya mwaka yenye malipo isiyopungua siku 28. Kifungu cha 32 kinatoa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Hizi ni haki mbili, kila moja na hesabu yake. Tena kifungu hicho cha 31 kinamkataza mwajiri kumlazimisha mfanyakazi, na hata kumruhusu, kuchukua likizo ya mwaka badala ya likizo nyingine anayostahili. Kwa hiyo saini ya karani yule haimsafishi mwajiri wake. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari, na sheria haikusema kiwe cha malaria au cha mguu uliovunjika.

Wapo wanaouliza hasara iko wapi ikiwa mshahara unaingia vilevile. Hasara ni kubwa. Siku za likizo zilizolimbikizwa ni fedha, kwani ajira ikikoma mwajiri anapaswa kulipa likizo anayodaiwa. Na anayeugua kwa manyanyaso mara nyingi ndiye anayefikiria kuondoka. Fedha hizo ndizo zitakazolipa kodi ya nyumba na ada ya mtoto wakati anatafuta kazi nyingine. Akiamua kubaki, anamaliza mwaka bila mapumziko, chini ya bosi yuleyule.

Tunajua pia kwamba baadhi yetu tunaiomba wenyewe likizo ya mwaka ili tusijulikane tunaumwa nini. Bado zipo ofisi ambako ukitaja daktari wa afya ya akili, kesho unaitwa mtu wa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Hatuwalaumu wanaojificha. Tunawalaumu wanaowacheka, na wasimamizi wanaosikia na kunyamaza. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2019, unayahesabu madhara ya kisaikolojia kuwa sehemu ya ukatili na unyanyasaji kazini. Hakuna mwajiri wa leo anayeweza kusema hajui.

Tunawataka waajiri wapokee ED ya msongo wa mawazo kama wanavyopokea nyingine, wawarudishie siku zao wote waliokatwa isivyo halali, na wamchunguze anayetajwa kunyanyasa badala ya kumhamisha aliyenyanyaswa. Tunawaomba maofisa kazi, wanapokagua, wazifungue kumbukumbu za likizo na kuzilinganisha na vyeti vya hospitali.

Kwenu wanachama wenzetu: usisaini fomu ya likizo ya mwaka kwa siku ulizoandikiwa na daktari. Tunza nakala ya ED, wasilisha kwa barua na uhakikishe nakala yako imegongwa muhuri wa mapokezi. Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, njoo tuzungumze, kwa sababu sheria inamtambua aliyeacha kazi baada ya mwajiri kuifanya isivumilike kuwa ameachishwa. Mgogoro wa kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Usisubiri hadi siku hizo ziishe.